Tuta la Shahidi

Kitaluni,
3 Februari

Mdogo wangu Msomi,

Salamu zitangulie. Sisi ni wazima kwa kiasi cha kusema wazima. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi na nne, na jana alizivuka zote akafika kwenye karo kunifundisha kuosha sufuria. Kwa hiyo ujue amepona. Paka amezaa tena ndani ya kreti la miche. Fundi baiskeli, jirani yetu, anakusalimu na anasema ukija uje na pampu yake uliyoazima kabla hujapata cheo.

Unalalamika kwamba nakuandikia barua wakati simu ipo. Mwaka juzi ulisema kwenye simu kwamba utakuja Mama akipasuliwa, kisha ukasema hukusema. Maneno ya simu hayana pa kurudi kuyatazama. Jambo lako la sasa linagusa udongo wangu, basi tutaandikiana. Barua atabeba dereva wenu Kimya, ambaye aliyempa jina hilo alikuwa na kejeli, maana aliongea toka kushusha mfuko wa kwanza hadi wa mwisho.

Mifuko imefika. Ulisema thelathini, nimehesabu ishirini na nne, mara mbili. Ndani yake kaboni yako, nyeusi na laini kama masizi yaliyosagwa. Kumi na sita imeshonwa mdomo kwa uzi wa buluu, minane kwa uzi mwekundu. Mtu hashoni kwa nyuzi mbili bila sababu. Sababu ni ipi?

Nitafanya ulivyoomba, lakini kwa utaratibu wangu. Kesho napanda kabichi matuta matatu, mbegu mia mbili kila tuta, maji sawa, kivuli sawa. La kwanza nachanganya nusu ndoo ya uzi wa buluu, la pili nusu ndoo ya uzi mwekundu. La tatu siweki kitu. Hilo ni tuta la shahidi, na unajua kwamba hapa hakuna jipya lililoingia bila kuwekewa shahidi wake. Kuna na tuta la nne, ila hilo ni wazo langu mwenyewe, litangoja.

Nakukumbusha tu: kitalu hiki nilikianza kwa makopo kumi na moja yaliyotobolewa na msumari. Leo nina matuta sitini na mawili, na wakulima thelathini na mmoja wanachukua miche yangu na kunisikiliza. Nikikosea mimi, wanakosea wao, shamba kwa shamba. Usinitume mahali usipoweza kwenda wewe.

Nijibu kuhusu uzi.

Dada yako, mwenye kalamu sikioni.


Bweni la kiwanda,
15 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na ya Mama mpelekee hadi kitandani, asije akaifuata mwenyewe kwa mguu ule. Mimi nipo. Chumbani tunalala watatu. Fundi bomba anakoroma kwa mafungu kama jenereta linalokataa kuwaka, na mwenzetu wa tatu anaamka kumtukana kisha analala akikoroma vilevile. Pampu ya fundi baiskeli ninayo, asiitangaze.

Hujawahi kuniuliza vizuri kazi yetu ni nini, na mimi sijawahi kukueleza vizuri. Ni hivi. Gesi inaingia kwenye tanuri lisilo na hewa. Kwa kuwa hewa hakuna, haiungui, inavunjika. Haidrojeni inapanda, tunaipeleka kwenye mitungi, na huyo ndiye bibi harusi, kila mtu anamtaka. Kaboni inabaki, unga mweusi, na huyo hana mchumba. Kila kilo moja ya haidrojeni inatuachia kilo tatu za kaboni. Piga hesabu, wewe ni mwepesi. Lundo la nyuma ya karakana limepita paa. Upepo ukivuma, nguo zetu kwenye kamba zote zinakuwa sare moja.

Bosi ametwambia wazi: hadi mwisho wa Aprili lundo liwe limepata kazi, la sivyo matanuri yanazimwa na sisi arobaini tunarudi makwetu. Wazo la udongo ni langu, Dada. Nilisimama kikaoni nikasema nina dada mwenye kitalu, na kwa mara ya kwanza tangu niingie hapa nimepewa kiti mezani. Kiti hicho kimekaa juu ya namba zako.

Zitume mapema, hata kama ni za mwanzo. Namba zako huwa nzuri.

Kuhusu mifuko, tumia yote tu. Ni kiwanda kimoja.

Mdogo wako mtiifu.


Kitaluni,
7 Machi

Msomi,

Marahaba. Mama anauliza unakula nini huko, na mimi namjibu wali, kwa kuwa hujaniambia. Mvua zimeanza kunusanusa. Paka amehamisha watoto wake kwenye kreti lingine, nadhani kwa kunikomoa.

Siku ishirini na nane zimetimia, nimehesabu miche iliyo hai. Mbegu mia mbili kila tuta:

Tuta la shahidi, 188.
Uzi wa buluu, 184.
Uzi mwekundu, 96.

Soma mara mbili kama nilivyohesabu mara mbili. Uzi wa buluu peke yake ni mgeni asiyekula wala kuosha vyombo, hadhuru, hafai. Uzi mwekundu umenilia zaidi ya nusu ya tuta, na hiyo tisini na sita iliyobaki ni ya njano kati ya mishipa ya jani. Njano hiyo si ya kiu wala ya njaa. Nimekuwa na miche miaka kumi na saba, najua inavyolia.

Sasa sikiliza. Nimetoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaichovya kwenye mfuko wa buluu. Ikatoka safi. Nikaichovya kwenye mfuko mwekundu. Ikatoka na ndevu.

Masizi hayana ndevu kwenye sumaku, Msomi. Kabla ya miche nilikuwa karani wa tanuri la matofali, wewe ukisomeshwa kwa pesa ya matofali hayo hayo, kwa hiyo moto na majivu usinifundishe. Kuna metali mle. Ni metali gani, na imeingiaje?

Kuhusu tuta la nne, lipo. Nililipanda baadaye, na shahidi wake wa siku hiyo hiyo. Sikwambii zaidi mpaka unijibu. Mimi nimeuliza mara mbili, na mara ya tatu huwa siulizi kwa karatasi.

Dada yako.


Kiwandani,
25 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, zamu zimebanana. Mwambie Mama ni wali kweli, na maharage siku nyingine.

Nimepata namba zako, ahsante sana. Kuhusu tuta lile moja, hebu ongeza maji, huenda ni mbegu. Wataalamu wa hapa wanasema udongo mwingine huchelewa kuzoea. Tusiogopane kwa jambo la mwezi mmoja.

Nimeambatisha fomu. Ni sahihi tu, chini, penye nukta. Inasema kwamba umeipokea kaboni na umeijaribu, jambo ambalo ni kweli. Kimya anairudisha safari hii hii.

Na lile tuta la nne, kama ni zuri, tafadhali niambie. Sijui kama unaelewa nipo mahali gani.

Mdogo wako.


Kitaluni,
2 Aprili

Mdogo wangu,

Mama mzima. Salamu nyingine zingoje.

Kimya alifika jana akishuka kwenye lori anacheka. Akaniambia, "Hongera Dada, umekuwa maarufu."

"Kwa lipi?"

"Si wewe Dada wa Kitalu? Karatasi zako nimegawa njia nzima."

Akanipa moja. Karatasi ya kung'aa, kabichi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na chini yake: "Kaboni Rutuba. Imejaribiwa na Dada wa Kitalu. Miche 188 kati ya 200."

Nilikaa juu ya ndoo. Kimya akanyamaza, mara ya kwanza nimemwona akistahili jina lake.

Mia moja themanini na nane naijua kama ninavyoijua tarehe uliyozaliwa wewe, maana nilikuwa nimeshika taa. Hiyo ni namba ya tuta la shahidi. Ni tuta ambalo halina hata chembe ya kaboni yako. Umechukua tuta pekee lisilokuwa na kitu, ukalivisha nguo ya kiwanda, ukalitembeza barabarani kwa jina langu.

Usiniambie umechanganya. Wewe huchanganyi. Ulipokuwa darasa la tano uligeuza 38 ya hesabu ikawa 88 kwenye ripoti, kwa kalamu ya rangi ile ile, kazi safi. Nilikukamata kwa sababu ulisahau kubadilisha jumla. Nilikuficha kwa Baba. Pengine hapo ndipo nilipokosea mimi.

Sasa tujumlishe tena. Wakulima wote thelathini na mmoja wameandikisha majina. Fundi baiskeli, ambaye ana robo eka na watoto sita, ameandikisha mifuko kumi. Nikamuuliza kwa nini kumi. Akasema, "Wewe si umeshajaribu? Mimi nani nijaribu tena?" Lori linakuja tarehe 26, wiki ya kuhamisha miche. Ikiwa theluthi ya mifuko ni ya uzi mwekundu kama ilivyokuwa kwangu, na mashamba yakafanya kama tuta langu lilivyofanya, msimu mzima unakwenda, na metali haing'olewi kama gugu.

Fomu yako naihifadhi. Sijaitia sahihi. Tarehe 25 jioni nimeita wakulima wote hapa kitaluni, na nitasimama mbele ya tuta la njano na hiyo karatasi ya kung'aa mkononi. Nitasema namba zote tatu na ya nani imeibwa. Nikisema hivyo kiwanda kinafungwa na wenzako thelathini na tisa wanarudi makwao, najua. Nimelifikiria hilo nikiwa napalilia, nikiwa nakoga, na nikiwa namkanda Mama mguu.

Ningependa nisiwe mimi wa kwanza kulisema. Una siku ishirini na tatu.

Dada yako, ambaye hakukuficha safari hii.


Kitaluni,
16 Aprili

Kimya amepita mikono mitupu. Anasema hajakuona getini wiki nzima.

Mama anauliza kwa nini siku hizi naandika kwa kifupi. Nimemwambia wino unaisha.

Tisa.


Kiwandani,
23 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ukipata barua hii, tazama kwanza lori. Nimemwomba Kimya aje nalo tupu, akufungulie na nyuma uone. Kisha endelea kusoma.

Uzi wa buluu ni wa tanuri la kwanza, la joto kali tupu. Uzi mwekundu ni wa tanuri la pili. Hilo lina joto dogo, na ili gesi ikubali kuvunjika tunaitilia unga wa metali uitwao nikeli, unaofanya kazi kama chachu kwenye unga wa mkate. Chachu hiyo inabaki ndani ya kaboni. Inatakiwa kuoshwa. Mtambo wa kuoshea uliharibika Novemba, na kwa kuwa kuosha kunachelewesha, hakuna aliyeharakisha kuutengeneza. Wa kwanza kutoharakisha ni mimi. Mtambo ule uko chini yangu.

Nilijua ulipouliza mara ya kwanza. Nyuzi mbili nilizianzisha mimi mwenyewe, ili nisichanganye. Kisha nikaiweka minane kati ya kumi na sita nikitumaini ingepotea humo kama chumvi kwenye sufuria kubwa. Nilisahau kwamba wewe unapanda kila kitu peke yake.

188 niliiandika mimi. Bosi aliuliza, "Namba iko wapi?" na mezani walikuwa watu saba wananitazama. Barua yako ilikuwa mfukoni. Niliisoma moyoni kuanzia juu, na ya juu ilikuwa ya shahidi. Ningeweza kuendelea mstari wa pili. Ningesema hata 184 wasingenifukuza. Lakini nilitaka namba iliyo juu, kama siku zote.

Barua yako ya tarehe 2 niliilalia siku kumi na mbili. Kimya aliponiulizia getini nilikuwa nyuma ya kibanda cha mlinzi nikimwona viatu. Jana kwenye kikao nilisimama nikasoma barua yako ya Machi neno kwa neno, hadi ndevu za sumaku. Nilipofika kwa mgeni asiyeosha vyombo mtu mmoja akacheka, akaona bosi hacheki, akakohoa. Kisha nikasema kuhusu darasa la tano pia, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka jumla ikubali.

Tanuri la pili limezimwa. Karatasi zilizobaki zimechomwa, na hii ninayokuletea, yenye sahihi ya bosi na yangu, inakanusha zile zilizogawiwa. Isome tarehe 25 kabla hujasema lolote, tafadhali. Ukisema wewe watakuamini, lakini ni sisi tuliodanganya. Tanuri la kwanza linaendelea hadi mwisho wa Mei. Si huruma, bosi hana pengine pa kupeleka lile lundo. Kiti mezani sina. Nimepewa sepetu, natenganisha nyeusi na nyeusi kwa sumaku. Fundi bomba ananiita Ndevu.

Tuta la nne sikuulizi.

Mdogo wako.


Kitaluni,
12 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, amefika hatua arobaini, yaani hadi kwa fundi baiskeli na kurudi, na huko ameambiwa mambo yako yote, kwa hiyo usijisumbue kutunga.

Mkutano ulifanyika. Niliisoma karatasi yenu kwanza, kama ulivyoomba, kisha nikawaonyesha tuta la njano. Fundi baiskeli akasema, "Basi mimi ningeweka kumi." Alisema polepole, kama mtu anayetazama gari lililompita karibu. Mama mmoja akaniuliza kwa nini jina langu lilikaa barabarani wiki tano nami nikijua kwa wiki tatu. Nilikuwa nakusubiri wewe. Hilo si jibu la kumpa mtu mwenye shamba. Wakulima tisa wamehamia kitalu kingine. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningehama wa kwanza.

Ile mifuko minane ya uzi mwekundu nakurudishia. Tuta la njano nalo nimelichimba hadi kifundo cha mkono, udongo wote nikaujaza kwenye mifuko kumi na sita, nikaishona kwa uzi mwekundu. Jumla ishirini na nne, kama ulivyonitumia. Udongo ule niliutengeneza miaka sita. Uweke mahali utakapouona.

Sasa tuta la nne. Unalipata kwa sababu hukuliuliza.

Siku mifuko ilipofika nilichukua kaboni ya uzi wa buluu, nusu ndoo ile ile, nikaichanganya na ndoo mbili za samadi iliyoiva na maji, nikaifunika. Nilijiambia kitu kikavu namna ile kikiingia udongoni na njaa, kitakula kabla ya mche. Heri kishibe kwanza. Siku ishirini na moja, nikigeuza kila baada ya tatu. Nikapanda, na pembeni tuta la shahidi lenye samadi ile ile, kipimo kile kile, bila kaboni.

Shahidi, 185. Tuta la nne, 194.

Usikimbie na hiyo namba. Miche tisa si muujiza, inaweza kuwa bahati ya mbegu. Habari yenyewe ni maji. Nilimwagilia kila udongo ulipokauka kufikia kiungo cha kwanza cha kidole. Kwa siku ishirini na nane shahidi alikunywa ndoo ishirini na nane. Tuta la nne lilikunywa kumi na saba. Mimi nabeba maji kwa mikono, najua ndoo kumi na moja zina uzito gani begani. Hiyo ndiyo kazi ya lundo lako, kama ipo. Haitaki karatasi ya kung'aa. Inataka msimu mwingine, udongo wa aina nyingine, na mtu mwingine wa kuhesabu asiye dada yako.

Mpe bosi ukurasa huu. Nimeuwekea sahihi, kwenye kila namba.

Moja la mwisho. Wiki mbili zilizopita nimepanda tuta jingine la kaboni iliyoshiba, mbegu mia mbili, na shahidi wake. Limeota. Sijalihesabu, na limenigharimu kulipita kila asubuhi nikitazama pembeni. Siku yake ni tarehe 26. Njoo na pampu ya watu, na kofia, jua la hapa halijui nani aliwahi kukaa mezani. Utachuchumaa utahesabu wewe, kwa sauti, Mama akiwa kwenye kigoda. Mimi nitakuwa nimeshika kalamu, nimelipa tuta mgongo.

Namba utakayoitaja ndiyo nitakayoandika.

Dada yako.